Maji yaliingia ndani, fundi anataka kupaka rangi wiki hii, nimruhusu?

MamaPacha
Habari zenu wakuu, naomba ushauri. Tulisafiri siku 3, kurudi tumekuta bomba la chini ya sinki limepasuka na maji yametapakaa kuanzia jikoni mpaka chumba cha watoto, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Tumekomba kwa ndoo na matambara usiku kucha. Leo ni siku ya 5, sakafu inaonekana kavu ila kuna harufu ya uvundo na ule ukuta wa jipsamu wa kati umeanza kufanya madoa chini. Fundi anasema tupige puti tupake rangi yaishe. Mmoja wa pacha wangu ana pumu ndo maana sina amani kabisa. Halafu godoro na kapeti vinaokoleka kweli?

FundiKuta
Dada, huyo fundi mwambie asubiri. Jipsamu inanyonya maji kama utambi wa taa, maji yanaishia kifundoni lakini ndani ya ubao yanakuwa yamepanda juu zaidi ya hapo, na ukipaka rangi sasa hivi unayafungia humo humo, baadaye rangi inafura inabanduka na pesa umeshatoa. Ukungu unaweza kuanza ndani ya masaa 24 hadi 48 na wewe uko siku ya 5. Zima meni swichi, ng'oa skatingi (ule ukanda wa chini ya ukuta unaogusa sakafu), kata ubao uzidi kama sentimita 30 juu ya pale unyevu ulipoishia, fremu za ndani ziache wazi zipate hewa. Soketi zilizolowa azifungue fundi umeme, wewe usiguse. Kuta za tofali ni nafuu, hizo hubomoi, ila zinachukua wiki nyingi kukauka.

kaka_mdogo
Si apulizie tu klorini kwenye hayo madoa? Mimi bafuni ndo nafanyaga hivyo.

Nesi_Wa_Zamu
Bafuni ni vigae kaka, juu ya kitu kigumu inafanya kazi. Kwenye jipsamu weupe unarudi lakini mizizi ya ukungu inabaki ndani, yale maji ya klorini ndo yanaenda kuilisha. Na jamani klorini msichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia, gesi yake inaumiza mapafu hata ya mtu mzima, sembuse mtoto wa pumu.
MamaPacha, watoto wahamishe kwanza, hata kwa bibi yao, wasiwepo siku ya kukata. Anayekata avae barakoa ya N95, glavu na miwani. Feni ni nzuri sana siku za mwanzo lakini pakishaonekana ukungu usiipulize pale, inarusha vumbi lake nyumba nzima. Toa vilivyooza kwanza, sugua vigumu kwa sabuni, ndo uwashe feni na kufungua madirisha, ila kama nje kuna mvua funga utumie mashine ya kupunguza unyevu.
Godoro lililolowa siku zote hizo litupe, najua linauma. Kapeti la kutandika linaweza kufuliwa likakauka juani, la kubandika lenye sponji chini achana nalo. Piga picha kila kitu kabla hujatupa, bima au mwenye nyumba wataziulizia.

MamaPacha
Asanteni mno. Tumekata leo, nyuma ya ubao kulikuwa kweusi tii, nimelia. Watoto wako kwa mama. Sasa nitajuaje pamekauka vizuri, maana kwa mkono naona pakavu?

FundiKuta
Pole sana, afadhali umeona mapema. Mkono unadanganya dada. Chukua kipande cha nailoni, kibandike kwa selotepu pande zote nne ukutani au sakafuni, kikae siku nzima. Ukikuta majimaji ndani yake bado, rudia wiki ijayo. Kwenye mbao kipimo cha unyevu ndo sahihi, mimi huwa sifungi fremu mpaka kisome chini ya asilimia 16.
Makabati ya chipbodi yakishafura hayarudi. Ila milango ya mbao ngumu iliyokaza usiharakie kuiranda, iache kivulini na upepo, ikikauka mingi inarudi yenyewe.