MREJESHO: Ile saa yenye kidoti kilichokaa upande

Wakuu, mrejesho. Kwa ambao hawakuona, niliuliza kama niirudishe dukani saa yangu mpya ya mkononi ya otomatiki (inayojitia ufunguo kwa mkono ukitembea) kisa kidoti cha ile ringi ya nje hakilingani na alama ya 12, kimesogea kulia kama unene wa unywele, halafu inawahi sekunde kama 12 kwa siku.

Sijairudisha. Nimeipeleka kwa fundi saa Kariakoo, mzee mmoja mtulivu sana, akaiweka kwenye mashine ya kupima mwendo, ikilala uso juu inawahi, ukiisimamisha kiubavu inapunguza spidi, akasema basi usiku ilaze kiubavu, na kweli sasa inawahi kama 4 hivi. Hata zile za Uswisi zenye cheti cha COSC, ile taasisi ya huko inayopima usahihi wa saa, zinaruhusiwa kuchelewa 4 au kuwahi 6 kwa siku, na siku ina sekunde 86,400 jamani!

Kidoti ndo hakuna ujanja. Ringi inazunguka kwa vituo 120, haiwezi kusimama katikati ya kituo na kituo, na kile kibati chenye namba na kidoti kimegundishwa juu yake, ukikibandua kinapinda. Mlioshauri nibadilishe mpaka nipate iliyonyooka, mnajua wenyewe mtu ukishanunua lenzi ya kukuzia hakuna saa itapona.

Ila sasa nimeona mshale wa sekunde ukifika 12, wa dakika unakuwa haujagusa mstari. Hii nayo ni kawaida au nimrudie mzee?