Tupeane uzoefu: wewe uliyevuka Kasumulu kwenda Malawi, ulikuta nini?

Mtoto wa Uyole

Wakuu, habari za jioni.

Shemeji yangu wa Dar alikuja Mbeya likizo. Nikampeleka Ziwa Ngosi, nikampeleka Matema, siku ya nne akauliza tunaenda wapi tena. Nikamwambia Malawi. Akacheka: "Malawi kuna nini?" Mimi niliyezaliwa mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka mpakani nikakosa jibu. Malawi niliyoijua ni ya sabuni na sukari alizokuwa akituletea marehemu baba.

Basi tukaenda, siku sita. Nchi yenyewe ndogo, kilomita za mraba 118,484, Tanzania inaimeza karibu mara nane. Lakini ni ndefu, imelala ubavuni mwa ziwa kama mtu aliyejinyoosha kwenye mkeka, kwa hiyo usidhani utaimaliza kwa siku sita. Sisi hatukufika hata Lilongwe, na wala sijutii.

Kwa asiyejua njia: Hiace za Kyela unapandia Nane Nane, unashuka Kasumulu, unagonga muhuri, unavuka daraja la mto Songwe kwa miguu. Mtanzania haombi viza, ila beba kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Pale kuna vijana wenye mabunda ya kwacha, pesa ya Malawi, watakuzunguka kama nyuki. Mimi walinihesabia mbele ya macho yangu, nikaridhika, kufika Karonga bunda limepungua noti nne. Mpaka leo sijaelewa zilitokaje. Na bei ulizosikia kwa mtu aliyeenda zamani zisahau, Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44.

Ombi moja: mambo ya mpaka wa ziwa na jina lake tuwaachie wenye mikutano. Nyasa kwa Kiyao ni ziwa tu, kwa hiyo tukisema Ziwa Nyasa tumesema ziwa ziwa. Yaishie hapo.

Haya, leteni yenu.

Mchele Mzuri

Mkuu mimi ni wa Kyela, na unajua sisi kwa mchele hatuna adabu. Nimefika Karonga, nimeagiza wali, mama ntilie ananisifia, "Huu ni Kilombero, baba, hakuna kama huu." Nikashtuka, Kilombero ipi tena? Kumbe ndiyo mbegu yao kuu pale, wanalima Karonga na jina hawakulibadilisha. Yaani nimetoka Kyela, nimevuka mpaka, nimeuziwa mchele kwa jina la Morogoro.

Nilikula sahani mbili. Nyumbani sijasema.

Nyabinti wa Karonga

Habari zenu kaka na dada zangu. Mimi ndiyo mwenyewe, nimezaliwa Karonga, nimeolewa Tukuyu mwaka wa kumi na tatu sasa. Nimesoma nikacheka, maana hata mume wangu kabla ya kuja kutoa mahari alidhani kwetu ni jangwa.

Kwanza lugha. Sisi Wangonde na nyie Wanyakyusa ni mto tu uliotutenga. Nilipofika ukweni nikasema "ndaga", yaani asante, mama mkwe akaniangalia vizuri, akauliza nimekaa Tukuyu muda gani. Ukishuka kuelekea Mzuzu unaingia kwa Watumbuka, pale shukrani ni "yewo". Kuanzia Kasungu kwenda kusini ni Kichewa, "muli bwanji" ni habari yenu na "zikomo" ni asante. Ila popote utakapokuwa, salamu kwanza. Usimwendee mtu na "eti stendi iko wapi?" Atakuelekeza, lakini atakuona hukulelewa. Na mwanamke akikupigia goti akikupa chakula usihangaike kumwinua, hata kwenu Rungwe mbona wanapiga.

Pili, saa. Hii imewaumiza wengi. Malawi iko nyuma yenu saa moja, halafu hatuhesabu saa kwa Kiswahili. Tukikwambia basi linaondoka "sikisi koloko", ni saa kumi na mbili asubuhi ya kwetu, ambayo Mbeya ni saa moja.

Tatu, chakula. Nsima ni ugali wenu, kaskazini kuna na ule wa muhogo, kondowole, unavutika, mgeni anaukimbia siku ya kwanza na kuutafuta siku ya tatu. Thobwa ni togwa. Samaki chambo kila mtu atakwambia, na ni kweli mtamu, lakini mimi nikienda nyumbani natafuta usipa, dagaa wa ziwa, wa kukaanga. Na nkhungu! Vile vidudu vinavyopanda juu ya ziwa kama moshi, tunavikamata, tunavifinyanga mkate. Wa Kyela wanavijua, wa Mbeya mjini msikunje sura.

Na msipite Karonga mbiombio. Kuna makumbusho pale yana mfano wa mifupa ya Malawisaurus, mnyama wa kale mwenye shingo ndefu. Alifukuliwa sehemu inaitwa Mwakasyunguti. Semeni wenyewe kama hilo si jina la jirani yenu.

Hata pesa yetu ina maneno: kwacha ni kumekucha, lilikuwa neno la wadai uhuru kabla ya kuwa noti mwaka 1971. Senti zake zinaitwa tambala, yaani jogoo. Siku hizi jogoo haonekani, hanunui kitu.

Mtoto wa Uyole

Dada, hiyo ya saa ungeileta mapema. Tunarudi, tumetoka Karonga saa kumi jioni, tumefika mpakani saa kumi na moja, shemeji anasema tuna muda wa kunywa soda. Tunavuka daraja, Kasumulu ni saa kumi na mbili. Hadi tumalize foleni na mizigo, Hiace ya mwisho imeondoka. Tumelala gesti moja yenye kunguni wa kutosha kuanzisha kijiji.

Mzee wa Sokomatola

Nyie watoto mmeikuta Malawi laini. Mimi niliingia nikiwa utingo wa lori, enzi za Kamuzu Banda. Aliongoza tangu uhuru wa 1964 hadi 1994. Mwanamke kuvaa suruali ilikuwa kosa la sheria, mwanamume kufuga nywele kosa. Mimi nilikuwa na afro, nikiipenda kuliko mshahara. Dereva wangu alininyoa mwenyewe kabla hatujafika darajani, kwa wembe mkavu. Sheria ile ilifutwa 1993, kichwa changu kilishatoa upara.

Mbao za Mafinga

Mzee, pole na afro.

Mimi nilikwenda kikazi mpaka Lilongwe. Kutoka Mzuzu kwenda kusini unaingia msitu wa Chikangawa, misonobari pande zote, ukungu, baridi. Nikajiona niko Sao Hill, nikawa natafuta kibao cha Mafinga. Huko ndiko ilikoanguka ndege ya Makamu wa Rais Saulos Chilima Juni 2024. Basi zima lilinyamaza tulipopita, mama mmoja akavua kofia.

Lilongwe yenyewe, makao makuu tangu 1975, mitaa ni namba: Area 3, Area 18, Area 47. Usidhani 3 imepakana na 4. Nilizunguka kutwa.

Kahawa ya Mzuzu nunueni. Watu wa Mbozi nisameheni.

Beba Begi

Wote mmepita barabarani. Mimi nilifanya mambo mawili tu.

La kwanza, Livingstonia. Unashukia Chitimba, kando ya ziwa, unapanda mlima kwa barabara ya vumbi yenye kona ishirini za kugeuka nyuma kabisa. Nilipanda kwa miguu, kona ya tisa nikaanza kumkumbuka mama. Juu kuna misheni ya Waskoti iliyofunguliwa 1894. Walianzia Cape Maclear mwaka 1875, malaria ikawazika, wakahamia Bandawe, ikawazika tena, ndipo Dakta Robert Laws akawapandisha huko kwenye baridi. Ukisimama ukingoni unaona ziwa lote la bluu, na ng'ambo milima ya kwetu Livingstone. Nilikaa pale mpaka giza. Sikupiga picha hata moja, simu ilikuwa imezima, na nadhani ndiyo maana nakumbuka.

La pili, kisiwa cha Likoma. Kiko karibu na Msumbiji kuliko Malawi yenyewe, unauona ufukwe wa pili. Nilienda na MV Ilala kutoka Nkhata Bay, meli iliyoanza kazi 1951. Uliza kwanza kama inatembea, maana mara nyingi iko matengenezo. Usiku upepo wa mwera ukaamka. Magunia, kuku, mimi, wote upande mmoja. Bibi aliyekaa karibu nami alikuwa anamenya karanga tu, akanipa chache, akasema "pole, mwana". Asubuhi Likoma, kisiwa kidogo kiasi cha kukizunguka kwa mguu, katikati kanisa kuu la Mtakatifu Petro, la mawe, kubwa ungesema limeibwa Ulaya.

Mchele Mzuri

Kwa hiyo safari ya Desemba ipo? Mimi niko tayari, wali nitabeba. Tukutane Nane Nane saa kumi na mbili asubuhi.

Nyabinti wa Karonga

Ya Mbeya au ya Karonga?