Ganzi ya kidonda inaisha baada ya masaa mangapi?

Wakuu, mdogo wangu kafanyiwa opresheni ya henia jana, dokta kamchoma ganzi kwenye kidonda wakati wa kushona, mchana anakunywa uji anacheka tu, saa nne usiku kaanza kulia. Ni kawaida?

Nesi wa zamu: Huenda ni bupivakaini mkuu, dawa ya ganzi inayokaa muda mrefu kuliko lignokaini, ile ganzi ya kung'olea jino, kama masaa 4 mpaka 8, ikiisha maumivu yanakuja kwa mpigo ndo maana vidonge vya maumivu anameza ganzi ikiwa bado ipo.

Mleta mada: Duh, vidonge viko mfukoni kwangu, nilisema haumwi

Mzee wa theatre: Mpe sasa kama alivyoandikiwa. Na msidai aongezewe ganzi, dozi inapimwa kwa kilo, ikizidi inavuruga moyo