Mama anataka nishike Biblia ya Baba Krismasi hii, nami siamini tena. Nifanyeje?

Kifungua Mimba:
Wadau hamjambo. Naombeni ushauri, na tafadhali msinitukane.

Kwetu ni Malindi, upande wa Ganda. Nafanya kazi Mombasa, nina mke na binti wa miaka minne. Baba alifariki mwezi wa Machi. Alikuwa mzee wa kanisa, na tangu nipate akili Krismasi yetu ni ile ile: mkesha tarehe 24, ibada asubuhi, kisha saa nane mchana mikeka inatandikwa chini ya mwembe na sinia za pilau zinaletwa. Mbuzi huchinjwa na jirani yetu Mwislamu ili naye na wanawe wale. Lakini hakuna mkono unaogusa chakula mpaka Baba asome Luka sura ya 2, pale pa amri ya Kaisari Augusto, halafu aombe. Biblia yake jalada lilibanduka zamani, akalishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu. Ukurasa ule wa Luka una madoa ya mafuta, maana alikuwa akiufungua akitoka jikoni kuonja nyama.

Wiki jana Mama alinipigia simu. "Mwaka huu utashika wewe Biblia ya babako. Wewe ndiye mkubwa."

Mimi siamini Mungu. Sijakosana na mchungaji wala sina kinyongo na kanisa. Miaka sita iliyopita niliomba sana imani isiniponyoke, na usiku mmoja nikajikuta naongea peke yangu. Mke wangu naye haamini. Nyumbani anayejua ni mdogo wangu wa kike tu.

Mke anasema tubaki Mombasa, tuseme kazi imebana. Moyo wangu unakataa. Krismasi ya kwanza bila Baba, nimwachie Mama mapengo mawili kwenye mkeka? Lakini kusimama mbele ya shangazi zangu niombe maneno ambayo kwangu ni matupu, hilo nalo siliwezi.

Tena kuna Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga chakula mpaka kufa. Ni huku huku kwetu Malindi, na tangu 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400, Mama akisikia mtu ameacha kanisa swali lake la kwanza ni, "Ameingia kikundi gani?" Nikimwambia sasa, akiwa bado na majonzi, naogopa hatalala.

Niende? Nikienda, nisome? Nimwambie?

Nahodha:
Usiende. Katiba ya 2010, ibara ya 32, inasema mtu asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume cha imani yake. Wala hauko peke yako, sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 nchini waliosema hawana dini. Ukianza kuigiza mwaka huu utaigiza mpaka uzeeni.

Kifungua Mimba:
Nashukuru, ndugu. Ila Mama hanilazimishi. Ananiomba. Angenilazimisha ningejua la kumjibu.

Mama Watatu:
Mwanangu, mimi ni Mkristo na nimeumia kusoma haya, sitakuficha. Nitakuombea, ukitaka usitake. Lakini nasema kama mama aliyezika mume: usiombe. Mjane anapofumba macho anaegemea ile sauti inayoomba. Mimi nikija kujua baadaye kwamba sauti niliyoiegemea haikuwa na mtu ndani, nitalia mara mbili. Mwambie, na umwambie mapema. Usingoje siku yenyewe, shangazi zako wamekaa na pilau inapoa.

Na uende wewe mwenyewe. Habari kama hii haitumwi kwa simu.

Mjukuu wa Kaya:
Mimi ni Mgiriama mwenzako. Babu yangu alikufa bila kubatizwa. Alikuwa mtu wa Gohu, chama cha wazee wetu wa mila, na alipokufa alisimamishiwa kigango chake, ile nguzo ya kuchonga ya ukumbusho. Enzi za uhai wake kila akinywa mnazi alimwaga kidogo chini kwa ajili ya koma, roho za waliotangulia. Watoto wake wote walikuwa kanisani. Krismasi alikuja, akakaa kwenye kigoda chake, wakaimba, wakaomba, yeye akatazama wajukuu. Hakuna aliyemwambia fumba macho. Alipokosa kuja mwaka mmoja kwa sababu ya mguu, chakula kilicheleweshwa mpaka akaletwa kwa baiskeli.

Watu wanadhani nyumba zetu zilikuwa na dini moja tangu zamani. Si kweli. Kuna mahali pako kwenye mkeka huo. Nenda.

Kusoma mimi sioni shida. Unasoma kwa ajili ya babako, kama mtu anavyosoma wasia.

Mama Watatu:
Hapo Mjukuu tunaachana. Luka si wasia.

Msomaji:
Kwani Luka alitaja tarehe 25 Desemba? Kumbukumbu ya kale kabisa ya sikukuu hiyo ni ya Roma, mwaka 336. Mweleze mama historia hiyo, atalegea.

Kifungua Mimba:
Hapana. Hayo nayajua, lakini sitaki kumshinda Mama kwa hoja mwaka aliozika mume.

Binti wa Amu:
Mimi ni wa Lamu, na kwetu ni Waislamu. Sisali tena tangu nilipokuwa chuo. Maulidi nikipata nauli narudi. Matari yakianza pale msikiti wa Riyadha machozi hunitoka, na sijui niyaite nini, lakini ni ya kweli. Mama huniambia, "Ndoo mwanangu, keti hapa," naketi.

Sijamwambia, wala sitamwambia. Kwetu neno hilo lingeniondolea mama, na dada zangu ambao hawajaolewa lingewaponza. Kwa hivyo usisikilize kila anayekwambia "sema ukweli" kana kwamba bei ni moja kwa wote. Jiulize wewe utapoteza nini, na nani mwingine atalipa. Una kazi yako, una nyumba yako, una mke mnayeelewana. Bei yako ni nafuu kuliko yangu. Ukiweza kuilipa, ilipe.

Kifungua Mimba:
Narudi kuwaambia. Jumamosi nilipanda matatu alfajiri, nikamkuta Mama kwenye mbuzi anakuna nazi. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikamwambia: Mama, sitaweza kuomba Krismasi, kwa sababu siamini tena.

Aliendelea kukuna mpaka kile kifuu kikaanza kutoa weusi, akaona nazi imeharibika, akakiweka chini. "Umeingia kikundi?" Nikamwambia hapana. "Unafunga chakula?" Hapana, Mama. Akanishika mkono hapa juu, akaubinya kama anavyobinya kuku sokoni, kuona kama nimekonda.

Kisha akalia, nami nikalia. Aliniuliza kama Baba alijua. Nikasema sikuwahi kumwambia, na hilo ndilo litakaloniuma maisha yangu yote.

Baadaye, jioni, alisema dadangu ndiye atakayesoma na kuomba. "Jirani hukaa kimya tukiomba, na miaka yote tunakula naye. Utakaa karibu naye." Akasema pia nisiwaambie shangazi zangu, na kwamba yeye hataacha kuniombea. Binti yangu akitaka kwenda mkesha na nyanya yake ataenda, mke wangu amekubali. Tunasafiri tarehe 23.

Nilipokuwa naondoka alinipa Biblia ya Baba ndani ya mfuko wa karatasi. Upande mmoja uzi umekatika na jalada linaning'inia, anataka irudi imeshonwa. Nimejaribu kwa uzi wa kawaida, unakatika. Anayejua duka la uzi wa nyavu hapa Mombasa, ule mweupe mwembamba, aniandikie.