Apex: nimeweka with sharing, mbona mshahara bado unaonekana?

Swali
Wakuu, nina klasi ya Apex (lugha ya programu ya Salesforce, mfumo wa kusimamia wateja na data) inayosoma rekodi za wafanyakazi. Nimeitangaza `with sharing`, na kweli mtumiaji haoni rekodi asizogawiwa. Ila sehemu (field) ya Mshahara__c, ambayo profaili yake haina ruhusa nayo, inamtokea kwenye skrini kama kawaida. Kulikoni?

Jibu
Hapo hakuna cha ajabu, mkuu. Apex huendeshwa kwa mamlaka ya mfumo, na `with sharing` ni bawabu wa rekodi tu. Ruhusa za objekti na sehemu haizigusi kabisa. Andika hivi, ili hoja ifuate ruhusa za mtumiaji mwenyewe:

`SELECT Name, Mshahara__c FROM Mfanyakazi__c WITH USER_MODE`

Ukiwa na ORDER BY, weka WITH USER_MODE kabla yake. Asiye na ruhusa atapigwa kosa la QueryException. Kuhifadhi: `update as user orodha;`

Jibu
Naongezea. Kama skrini ni moja kwa wote, usiwatupie watu makosa mekundu. Pitisha matokeo kwenye `Security.stripInaccessible(AccessType.READABLE, orodha)`, kisha chukua `getRecords()`. Sehemu zilizozuiwa zinaondolewa kimyakimya.

Na ile `WITH SECURITY_ENFORCED`, njia ya zamani ya kukagua ruhusa kwenye hoja, mimi siitaki tena. Haikagui sehemu zilizo kwenye WHERE, kwa hiyo mjanja anachuja kwa mshahara hadi aukisie.

Muulizaji
USER_MODE imekubali, asanteni. Majaribio je?

Jibu
Tumia `System.runAs`, inayoendesha jaribio kama mtumiaji mwingine, na umpe mtumiaji mwenye profaili finyu. Ukijaribu kama admini, kila kitu kitapita.