Insha ya historia: mwanafunzi aruhusiwe kubishana na vitabu?

Kalamu Butu:
Wakuu, najua walimu watanirukia, ila naleta hivyo hivyo. Insha ya historia ipewe alama kwa jinsi mwandishi alivyovihoji vyanzo vyake, si kwa wingi wa aliyokariri.

Insha yangu ya kwanza chuoni ilihusu Vita vya Maji Maji, watu wa kusini mwa Tanzania ya leo walipopigana na watawala wa Kijerumani, 1905 hadi 1907. Nikaona mteremko. Sababu nilikuwa nazo kichwani tangu sekondari: kodi, kazi za shuruti, mashamba ya pamba, ukatili wa maakida, wale watawala wadogo waliowekwa na Wajerumani. Nikazimwaga zote. Nilipoandika "walikufa watu 75,000", mhadhiri akapiga mstari mwekundu, pembeni akaweka maneno mawili: "Nani kahesabu?"

Nilikasirika. Si ipo kitabuni? Nikarudi maktaba nikamuumbue. Kumbe 75,000 ni makadirio ya Wajerumani wenyewe. Gwassa, mwanahistoria aliyewahoji wazee miaka ya 1960, anakadiria 250,000 hadi 300,000. Na pengo hilo halitokani na kukosea kujumlisha. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, watu wakaendelea kufa kwa njaa bunduki zikiwa zimeshanyamaza. Sasa, aliyekufa kwa njaa ile unamhesabu kwenye vita au humhesabu? Ukichagua namba, umeshajibu. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu tatu: nani kasema, kasema lini, na wakati huo alikuwa wapi.

Chaki Nyeupe:
Ndugu yangu, umesimulia vizuri, ila umejipinga mwenyewe. Uliweza kuihoji 75,000 kwa sababu kodi, pamba na maakida ulikuwa nazo tayari. Mimi nasahihisha hizi insha. Kijana ukimwambia "toa mawazo yako" kabla hajajua kipi kilitangulia kipi, anakuletea "kwa mtazamo wangu" kumi na mbili, tarehe hata moja hakuna. Halafu hao wazee wako: mtu anahojiwa miaka sitini baada ya tukio, anachanganya aliyoyaona na aliyosimuliwa na mjomba wake. Yeye haulizwi "nani kahesabu"?

Kalamu Butu:
Mwalimu, kwa wazee nimekubali, nao wahojiwe. Lakini von Götzen, gavana Mjerumani aliyeviendesha vita vile, alitoa kitabu chake mwaka 1909, akiwa na jina la kulinda. Mbona wa namna yake tunawanakili bila kuwauliza chochote, ila mzee wa kijijini anabanwa kama yuko kizimbani? Ninachokataa ni hii habari ya kukariri kwanza, kuhoji baadaye. Hiyo "baadaye" ilinikuta chuoni, tena kwa bahati. Niliosoma nao wakaishia sekondari bado wana 75,000 yao.

Chaki Nyeupe:
Angalau wana namba. Wangu wengine wanayaweka Maji Maji baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Msomaji Kimya:
Tuache nadharia. Hiyo insha ulipata ngapi?

Kalamu Butu:
48. Niliyoirudia, yenye namba zote mbili na maelezo ya pengo, 61. Alisema nimehoji mpaka nimesahau kutaja kwamba vita vilianzia Umatumbi, kwenye vilima vya Wamatumbi. Mwalimu, usicheke.