Husqvarna 272 kutoka Molo imeisha nguvu ilipofika Yala: ni pistoni au kuna kingine?

JembeLaYala

Wadau, hamjambo. Baba mdogo alifanya kazi ya mbao Molo miaka mingi. Sasa amerudi nyumbani, mgongo hauwezi tena, na pawa yake, yaani msumeno wa mnyororo, amenikabidhi mimi. Ni Husqvarna 272 XP, injini ya cc 72. Marufuku ya kukata miti msituni ilipotangazwa Februari 2018, kazi ilisimama, na mashine ikakaa stoo ndani ya gunia miaka yote hiyo, tangi likiwa na mafuta. Mwaka jana fundi mmoja wa huko juu aliiosha karbureta, akabadilisha plagi na mpira wa mafuta, akaityuni hapo hapo. Ikakata saipresi bila shida.

Nikaileta huku Yala kwa kazi ya mikaratusi na magrevilea ya majirani. Mwanzoni ilienda vizuri, kisha nikaanza kuona mambo. Nikiachia kitufe cha mafuta, mlio haushuki mara moja, unaning'inia juu kwanza ndipo ushuke. Nikiilaza upande wa flaiwili (lile gurudumu lenye mapezi ya upepo, upande wa kamba), inapandisha mlio yenyewe bila kuguswa. Juzi ilikuwa katikati ya gogo la mkaratusi, ikalegea, ikazima. Ikipoa inawaka, lakini kamba ya kuwashia imekuwa nyepesi mno, hata mtoto angeivuta.

Fundi wa hapa sokoni anasema ninunue pistoni na silinda, afunge, basi. Jamaa mwingine anasema niiuze kama chuma chakavu ninunue zile mpya za bei nafuu. Sitaki kuiacha. Mashine hii ndiyo iliyosomesha binamu zangu wote. Mafuta nachanganya na oili ya tustroki ninayoipata kwa wavuvi, ile ya injini za boti. Nianzie wapi?

FundiWaNjoro

Kaka, usinunue pistoni bado. Pistoni haifi yenyewe, kuna kitu kimeiua, na ukifunga mpya kabla ya kukijua, mpya nayo itaenda njia ile ile. Natengeneza pawa hapa Njoro na hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi yetu. Mteja anauziwa silinda, mashine inanguruma, analipa na kushukuru, halafu anarudi na mikwaruzo mahali pale pale, na hela ya kununua nyingine hana.

Anza kwa kuangalia. Fungua silensa, zungusha flaiwili polepole kwa mkono, mulika tochi ndani ya tundu la moshi uone ubavu wa pistoni. Kisha toa karbureta uangalie upande wa pili. Mikwaruzo mirefu upande wa moshi, na ringi imegandamana kwenye mfereji wake, maana yake ni joto: mafuta yalikuwa machache kuliko hewa. Ukikuta upande wa karbureta umepoteza mng'ao na kulika kwa michirizi midogo midogo, hiyo ni vumbi iliyopita kwenye chujio. Imekwaruzika pande zote, basi petroli iliingia bila oili.

Nadhani utakuta ile ya kwanza, kwa sababu dalili ulizotaja ni za hewa kuingia mahali isipotakiwa. Kwenye tustroki, mchanganyiko hupitia kwanza kwenye chumba cha kranki, chini ya pistoni, kabla ya kupanda juu. Kila pistoni inapopanda, chumba kile kinavuta. Sasa kuna sili mbili, pete za mpira zinazozuia hewa kuzunguka kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), moja nyuma ya flaiwili na moja nyuma ya klachi. Mashine ikilala stoo miaka mingi, mdomo wa sili unakauka na kuwa mgumu. Hapo chumba kinavuta hewa pembeni, hewa tupu isiyo na petroli wala oili. Ndiyo maana mlio unaning'inia. Na kwa vile unabadilika ukiilaza upande wa flaiwili, mimi ningeishuku sili ya upande huo kabla ya kitu kingine chochote.

Usiniamini kwa maneno, pima. Tafuta pampu ya kupimia presha ya damu, ile ya mkono yenye saa ya mshale. Chukua plagi kuukuu, vunja kauri yake uitoe yote, bandika valvu ya tyubu ya baiskeli kwa gundi ya chuma, toa sindano ya ndani ya valvu, kisha unganisha mpira wa pampu hapo. Kata kipande cha tyubu, kiweke kati ya silensa na silinda, kaza. Kingine kiweke mahali karbureta inapokaa, kizibe pamoja na lile tundu dogo la msukumo lililo kando. Shusha pistoni hadi chini kabisa ili hewa ifike kwenye chumba cha kranki. Jaza mpaka mshale ufike 250. Injini iliyo nzima inashikilia. Mshale ukishuka mbele ya macho yako, toa flaiwili, pakaza maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka kranki, kwenye gasketi ya chini ya silinda na kwenye maungio ya chumba, utaona povu.

Halafu fanya kinyume chake, na hapa mafundi wengi huruka. Midomo ya sili inatazama ndani, kwa hiyo presha inaibana iwe imara hata kama imechoka. Inavuja pale inapovutwa. Chukua bomba kubwa la sindano ya ng'ombe, unganisha mahali pa pampu, vuta, shikilia kidogo, kisha achilia. Mti wa kusukumia wa sindano ukirudi wenyewe kwa nguvu, injini imeshika. Ukibaki pale ulipouacha, hewa imeingia.

Kuna jambo la pili ambalo naona hakuna aliyekuambia. Molo inakaribia mita 2,500 juu ya bahari. Kisumu ni mita 1,100 na kitu, na Yala si juu sana kuliko hapo. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi alibana skrubu ya H, ile ya karbureta inayopima mafuta ya mwendo wa juu, ili mafuta yasizidi, na kwa kule alifanya sawa. Ukishuka nayo kuelekea ziwani, hewa ni nzito zaidi lakini mafuta ni yale yale ya Molo. Injini inakuwa na njaa ya mafuta, na mafuta ndiyo yanayobeba oili. Ongeza sili iliyokauka juu ya hapo, na mkaratusi mgumu unaokulazimisha kuvuta mafuta yote bila kupumzika.

Na hiyo oili ya boti acha leo. Injini ya boti inapozwa kwa maji ya ziwa, oili yake imetengenezwa kwa joto dogo. Pawa inapozwa na upepo wa flaiwili tu. Kitabu cha Husqvarna chenyewe kinakataza oili ya injini za boti. Ukipata oili ya Husqvarna yenyewe, mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ukipata ya kampuni nyingine iliyoandikwa ni ya tustroki ya kupozwa kwa hewa, weka mililita 150.

SpeaKibuye

Fundi amesema yote ya maana. Naongeza la spea kwa sababu nauza hapa soko la Kibuye, Kisumu. Silinda ya asili ya 272 usiitupe hata fundi akikuambia imekwisha. Mara nyingi kinachoonekana kama mkwaruzo kwenye silinda ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikagandia ukutani. Ngozi ngumu ya ndani bado iko salama chini yake. Nimeona watu wakitupa silinda nzuri wakafunga ya bandia ambayo ngozi yake inabanduka kwenye kingo za matundu.

Pistoni ya 272 ni milimita 52. Pima kabla ya kulipa, kwa sababu ya 268 inafanana nayo lakini ni milimita 50. Sili na dayaframu za karbureta zipo na si ghali. Beba sili ya zamani ukija, tulinganishe mkononi.

JembeLaYala

Nashukuru sana wazee wangu. Nimefanya kama mlivyosema. Dada yangu ni muuguzi, alinipa pampu ya presha ambayo mkoba wake ulishapasuka.

Pistoni imekwaruzika upande wa moshi, ringi imeshikana nusu duara. Upande wa karbureta uko safi. Nilipojaza hewa mshale ulishuka haraka hata sikuweza kuhesabu. Povu likatoka nyuma ya flaiwili, tena si viputo viwili vitatu, lilikuwa linachemka pale. Upande wa klachi sijaufikia, klachi imekataa kufunguka.

Ndani ya silinda kuna mistari ya rangi ya fedha upande wa moshi. Nikipitisha ukucha nahisi imeinuka, haijachimba. Hiyo alumini inatolewaje?

FundiWaNjoro

Umeipata. Ikiwa imeinuka na si shimo, silinda inaokoka.

Klachi kwanza: inafunguka kinyume, yaani unazungusha kuelekea saa inakoenda. Usiingize bisibisi kuzuia pistoni. Ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi pistoni ikiwa imeshapita tundu la moshi ikipanda, kamba ijae juu yake, ndipo uzungushe. Badilisha sili zote mbili hata kama hiyo ya klachi haijatoa povu. Zimezeeka pamoja.

Alumini: tafuta kostiki soda kwa wanaotengeneza sabuni. Vaa glavu na miwani, kaa nje, weka soda ndani ya maji kidogo kidogo na kamwe usimimine maji juu ya soda. Silinda iwe mezani, imetolewa kabisa. Chovya pamba kwenye kijiti, gusa ule mstari wa fedha peke yake. Itachemka na kuwa nyeusi, hiyo ni alumini inaliwa. Futa, gusa tena, mpaka isichemke. Usiiache ichuruzike hadi kwenye matundu ya moshi na ya mafuta, kwa sababu ngozi ngumu inaishia kwenye kingo na baada ya hapo silinda yenyewe ni alumini, italiwa. Suuza kwa maji mengi, kausha, pitisha msasa laini kwa mkono ukikatisha mshazari, osha tena kwa sabuni, paka oili ya tustroki. Ngozi ikibaki nzima na ya kijivu bila kung'oka, agiza pistoni na ringi tu.

Ukishafunga, rudia kipimo cha hewa kabla ya kutia mafuta. Usiruke hapo.

MamaMbaoKakamega

Mwanangu, mimi si fundi lakini nina pawa mbili na vijana wanaonikatia, na nimeona injini nyingi zikifa kwa sababu ya mnyororo. Angalia kinachotoka kwenye mti. Kikitoka kipande kizito kama unga wa ugali uliosagwa vibaya, unakata. Kikitoka vumbi laini, unasaga, na kijana anaanza kukandamiza mashine kwa goti huku injini ikipiga kelele kwa joto. Magome ya mkaratusi hukaa na mchanga, hasa gogo likishaburutwa. Nawaambia vijana wangu wapige tupa kila wanapojaza mafuta. Kwa mnyororo wa inchi 3/8 tunatumia tupa ya mviringo ya milimita 5.5, kwenda mbele tu, nyuzi 30, na kila jino lipate idadi sawa ya mapigo ili baa, ule upanga unaobeba mnyororo, isivute upande.

Oili ya mnyororo nayo, usiweke ile iliyomwagwa kutoka kwenye gari. Ina vyuma vidogo ndani, inaziba tundu la baa na kula pampu. Kila unapotoa baa, igeuze chini iwe juu, na safisha mfereji wake.

Na tafadhali hakikisha breki ya mnyororo inashika. Hizi za zamani watu huifungua wakaitupa kwa sababu imejaa uchafu. Isafishe na uirudishe.

JembeLaYala

Mama, breki ipo lakini mkanda wake wa chuma umekuwa mwembamba sana sehemu moja. Naweza kuitumia hivyo hivyo nikingoja?

MamaMbaoKakamega

Hapana. Mkanda mwembamba hukatika siku unapouhitaji. Muulize huyo wa Kibuye akuwekee mmoja pamoja na sili.

SpeaKibuye

Ninao. Njoo na kifuniko chote cha klachi, mkanda tuupachike hapa ukiwa unaona.

FundiWaNjoro

La mwisho kutoka kwangu ni kutyuni, na utyuni hapo hapo Yala utakapofanyia kazi. Chujio safi, mnyororo mkali, injini imeshapata moto. Anza H na L (ya mwendo wa chini) zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja kutoka mwisho, na usizibane kwa nguvu mwishoni, utaharibu kiti chake. Rekebisha L mpaka inyanyuke bila kusita unapovuta mafuta, kisha skrubu ya tatu, ya mlio wa kutulia, mpaka mnyororo usimame kabisa ukiachia.

Kwa H sikiliza. Ukivuta mafuta yote bila mzigo, mlio uwe mzito, unababaika kidogo. Ukiingiza kwenye gogo, mlio usafike na kunyooka. Ukiinua, ubabaike tena. Ikilia nyembamba na safi wakati haina mzigo, fungua H kidogo mara moja, hapo ndipo pistoni zinapofia. Matangi ya kwanza na pistoni mpya iache H ikiwa imefunguliwa zaidi kidogo, kata matawi na magogo membamba, usiishike mafuta yote kwa muda mrefu. Ukitoa plagi baada ya hapo, rangi ya kahawia ndiyo tunayoitaka. Ikiwa nyeupe, nipigie picha uiweke hapa kabla hujakata kitu kingine.